Mama Penseli na Maneno Mawili Aliyogoma Kuyaandika

Ijumaa hii, tarehe 28, saa kumi kamili jioni, mkaguzi wetu mkuu wa nyumba atafunga droo yake, atakabidhi funguo na kustaafu, baada ya kuitumikia ofisi hii ya ushauri wa nyumba kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Mimi nilikuwa nimeandika miezi mitatu. Aliomba kuuona wasifu huu kabla haujapelekwa kuchapwa, nikampa ukurasa wa kwanza kwa heshima zote, akanirudishia neno "mitatu" likiwa limekatwa kwa mstari wa penseli, pembeni ameandika "minne", na chini yake tarehe na sahihi. Kurasa zilizobaki nimezificha.

Wengi mnamjua kwa jina la Mama Penseli, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akilikataa, nitalitumia hilo hilo. Meneja alipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, ofisi nzima ghafla ikawa na wateja. Nikabaki mimi, mtu wa mikataba, ambaye meza yangu imetazamana na yake kwa miaka kumi na tisa. Nilimweleza meneja kwamba mimi na mama huyu kwa sasa hatuko sawa, sababu ni nyumba yangu, na kwamba nikiandika nitaandika nikiwa nimenuna. Akasema niandike hivyo hivyo, maana ndivyo ofisi nzima imekuwa ikimzungumzia tangu yeye meneja yuko shule. Haya, nimeandika.

Aliingia hapa akiwa mpiga chapa. Enzi hizo wakaguzi walirudi na fomu zilizojazwa kwa mkono, yeye akazichapa nakala tatu: ya mwenye nyumba, ya mpangaji na ya jalada. Fomu yenyewe haijabadilika, kila chumba kina mstari wake, na wakaguzi wa wakati huo walikuwa na mkono mwepesi. Sebule: hali nzuri. Jiko: hali nzuri. Choo: hali nzuri. Dari: hali nzuri. Alichapa maneno hayo mawili kwa miaka miwili mpaka, anavyosema mwenyewe, vidole vilikuwa vinayapiga huku yeye anawaza mboga ya jioni. Halafu siku moja akajikuta anachapa ripoti ya nyumba anayoishi yeye.

Ghorofa ya tatu, vyumba viwili, dari inavuja juu ya cherehani yake. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amefuta maji sakafuni kabla ya kuja kazini. Na fomu ilisema dari iko katika hali nzuri. Alichomoa karatasi kwenye mashine, akatoka, akaenda nyumbani kwa miguu, akarudi na taulo lililolowa ndani ya mfuko, akaingia kwa meneja wa wakati huo na kuviweka vyote viwili mezani, ripoti na taulo. Hakupiga kelele. Aliomba kuhamishiwa ukaguzi. Meneja yule alitusimulia mwenyewe siku anaagwa: alikubali haraka kwa sababu maji yalikuwa yanaelekea kwenye barua zake.

Tangu siku hiyo hakuyaandika tena maneno "hali nzuri". Msidhani natia chumvi. Wiki hii yote nimepekua majalada yake ya miaka ishirini na tisa ya ukaguzi mpaka shingo ikakaza, nikitafuta walau mara moja alipoteleza. Hakuna. Nyumba ikimpendeza kweli kweli aliandika "inavumilika". Kuna mwenye nyumba aliyejenga nyumba mpya, rangi bado inanuka, akapewa "inavumilika" vyumba vyote sita, akaja hapa kudai aombwe radhi kana kwamba katukaniwa mama yake mzazi. Nani alimpokea, akampa kiti na maji, akamsikiliza saa nzima? Mimi. Mama Penseli alikuwa ameshatoka kwenda kukagua nyingine.

Jina la Penseli nalo lina sababu zake, na limetuletea barua za malalamiko zinazojaza droo. Alipoanza kukagua aliona jambo ambalo sisi wengine tuliliona na tukalizoea, kwamba karatasi za ofisi hazikai. Jalada linapotea, nyumba inauzwa, mwenye nyumba mpya anaanza upya, na mpangaji anahamia kwenye shida ambazo watu wanne kabla yake walishazilalamikia. Kwa hiyo yeye akaamua kuandika mahali pasipohama. Kila nyumba aliyoikagua, baada ya kujaza fomu yetu, alifungua kabati la chini ya sinki ya jikoni, akapiga magoti, na upande wa ndani wa mlango akaandika kwa penseli kasoro zote, chumba kwa chumba, na tarehe. Hakuna mtu, alituambia, atakayeishi kwenye nyumba wiki nzima asilifungue kabati hilo. Ataweka sabuni, atatafuta tambara, au bomba litavuja. Na penseli ni kwa sababu wino ukipata maji unalia, penseli hailii.

Kifutio hana, na hajawahi kuwa nacho. Kasoro ikirekebishwa, anaikata kwa mstari mmoja na kuweka tarehe, ili anayekuja ajue palikuwa na nini na kiliondoka lini. Wenye nyumba walilia. Mameneja watatu kwa zamu walimwandikia barua wakimtaka aache kuandika kwenye milango ya watu. Alizisoma zote kwa makini, akaziweka kwenye jalada, na tangu hapo akaandika kwa herufi ndogo zaidi.

Halafu suala la mvua, jamani. Watu wote duniani mvua ikianza wanaingia ndani. Yeye anatoka. Wingu likifunga tu, mnasikia droo inafungwa, mwavuli unachukuliwa, kiti kinabaki kitupu na wateja wake wanne wananitazama mimi. Anasema nyumba haidanganyi ikiwa inanyeshewa. Nimekaa na wateja wake masika kumi na tisa, nikiwaeleza kwamba mkaguzi yupo kazini ila kazi yenyewe iko mvuani, na wengine walidhani nimerukwa na akili.

Ushauri wake mnaujua, maana hata ambaye hakuutaka aliupata. Usiione nyumba mara moja. Nenda mara mbili, na mara ya pili iwe mvua inanyesha. Sogeza kabati la nguo, hasa lile ambalo mwenye nyumba anasema ni zito. Gonga marumaru kwa kifundo cha kidole, inayotoa sauti ya utupu itabanduka. Muulize jirani, dalali mwache apumzike. Siku ya kuingia, someni mita ya maji na ya umeme mkiwa mmesimama wote wawili, mwenye nyumba na mpangaji, mpige picha, muandike na kuweka sahihi hapo hapo. Hesabuni funguo. Andikeni nani anatengeneza nini, maana "tutaelewana" ndilo neno lililowagombanisha watu wengi zaidi katika majalada yetu. Na wenye nyumba zao wenyewe aliwauliza swali moja tu: koki kuu ya maji iko wapi? Mtu amekaa kwenye nyumba yake miaka kumi, anakodoa macho.

Waliokuwa wanahama kutoka mbali aliwatesa kwa upendo. Boksi la mwisho kufungwa liwe la kwanza kufunguliwa, na ndani yake kuwe na balbu mbili, shuka, sufuria moja, kisu, sabuni, karatasi ya chooni na dawa za mgonjwa. Alikuwa anawapigia simu siku ya kuhama kuwauliza boksi liko wapi. Mama mmoja alikiri kwamba boksi limekaa chini kabisa ya lori, nyuma ya friji. Mama Penseli akamfanya ashushe nusu ya lori barabarani. Mume wa yule mama alinipigia mimi, bila shaka, maana namba yangu ndiyo iliyoko kwenye mkataba.

Na siwezi kumwacha Bwana Marumaru, tuliyempa jina hilo kwa jinsi anavyozisifu marumaru zake. Ana majengo matatu. Alikuja kulalamika kwamba wapangaji wa ghorofa za juu wanahama kila baada ya miezi mitatu na hawana shukrani. Mimi nikaanza kumwandalia mkataba mkali, wa kuwabana. Mama Penseli akamwambia aende akaoge. Nilitamani kuingia chini ya meza. Kumbe alimaanisha hivyo hivyo: aende nyumba ya juu kabisa, siku ya kazi, saa moja asubuhi, na taulo lake, aoge kama mtu anayewahi kazini. Bwana yule alienda, nadhani kwa ubishi tu. Alipokwisha kujipaka sabuni kichwa kizima, maji yakakatika, kwa sababu nyumba zote za chini zilikuwa zimefungua mabomba. Alirudi mchana macho mekundu, hakumsalimia mtu, akauliza tangi zuri linapatikana wapi. Leo ndiye mteja wetu mkubwa, na akija hapa hanitazami hata usoni, anapita moja kwa moja kwenye meza iliyotazamana na yangu.

Sasa nifike kwenye nyumba yangu, kwa sababu bila hiyo wasifu huu ungekuwa wa uongo, na yeye angeukata kwa mstari.

Miaka sita iliyopita nilinunua nyumba. Mimi, ambaye kila wiki nawaambia watu wakaguliwe nyumba kabla ya kuweka sahihi, sikumwambia. Nilijua angeichelewesha. Angeomba kusubiri mvua, na tulikuwa katikati ya kiangazi. Nilikwenda mwenyewe, saa sita mchana, jua la utosi, nikagonga gonga ukuta mahali pawili kwa sababu ndivyo nilivyomwona yeye akifanya, nikaridhika. Mke wangu aliuliza kama Mama Penseli ameiona. Nikamjibu kwamba mimi mwenyewe nafanya kazi kwenye ofisi ya nyumba, nina haja gani ya kusumbua watu?

Tukahamia na mama yangu mzazi, tukampa chumba cha nyuma kwa kuwa kina utulivu. Mvua zilipoanza, ukuta ukaanza kubadilika rangi kuanzia chini. Mama akaanza kukohoa. Tukampeleka hospitali, akapewa dawa, akakohoa. Tukabadilisha mto, blanketi, sabuni ya kufulia. Masika mawili mama yangu alikohoa kwenye chumba kile, na mimi najipa moyo kwamba ni umri. Mpaka siku mke wangu alipolala chali chini ya sinki akitafuta bomba linalodondosha, akaniita jina langu lote, la kwangu na la baba yangu. Kwenye mlango wa kabati, kwa herufi ndogo ninazozijua kama ninavyoujua uso wangu, palikuwa pameandikwa: "Chumba cha nyuma. Ukuta unakunywa maji kutoka nje. Mzee asilale humu." Tarehe ilikuwa ya miaka tisa kabla sisi hatujainunua.

Asubuhi yake nilifika ofisini nikiwa natokwa na moshi. Nilimuuliza, mbele ya wateja, inakuwaje mtu anajua jambo kama hilo kuhusu nyumba ya mwenzake na anakaa kimya. Aliniuliza nyumba ipo mtaa gani. Nikamtajia. Akakumbuka, akavua miwani.

"Nilishakuambia, mwanangu. Hukufungua kabati tu."

Basi. Akavaa miwani, akaendelea na mteja wake. Mimi nikarudi nyumbani na hasira zangu nikafanya mambo matatu, na nayaandika hapa kwa kuwa hata nisipoyaandika mtayasikia kwa mke wangu. Nilimhamisha mama yangu chumba cha mbele, na watoto wakabanana. Niliupaka rangi ukuta wa chumba cha nyuma na kuusogezea kabati la nguo, lile zito. Na nikapaka rangi mlango wa kabati la sinki, upande wa ndani, mara mbili kwa rangi nyeupe, mpaka penseli haikuonekana. Mama alipona. Nikasema yamekwisha.

Mwaka huu nikapata uhamisho kwenda kusimamia tawi jipya. Familia ikatangulia, mama yangu akiwa nao, na nyumba ikabidi kupangishwa. Nikapata mpangaji wa dhahabu: mwalimu wa hesabu, anahamia mjini hapa kwa kazi, mpole, ana binti mmoja na baba yake mzee ambaye anamtunza. Mkataba niliuandika mwenyewe na ulikuwa mzuri, nisijisifu. Vyumba nilivigawa kwa mdomo pale pale tulipozungumza: mwalimu na binti mbele, Babu nyuma, kwa kuwa kina utulivu. Ndiyo, nilisema maneno hayo hayo.

Ilibaki sahihi moja. Sheria ya ofisi haiachi nyumba ya mfanyakazi. Bila ya mkaguzi mkuu, mkataba hautoki. Akaja, miezi miwili kabla ya kustaafu, na begi lake. Alipita sebuleni, jikoni, akafungua kila bomba na kulitazama likitiririka. Akaingia chumba cha nyuma. Nikamwambia lile kabati ni zito. Alinitazama, mwanamke wa miaka sitini, akalisukuma kwa bega mpaka likasogea. Akaweka mgongo wa kiganja ukutani, akakaa hivyo kwa muda. Halafu akarudi jikoni, akapiga magoti, akafungua kabati la sinki, akaiona rangi. Akatoa sarafu mfukoni. Alikwangua taratibu, kipande kwa kipande, mimi nimesimama nyuma yake kama mshtakiwa, mpaka maneno yake ya zamani yakatokea yote. Chini yake akaandika tarehe ya siku hiyo na neno moja: "Bado."

Nilijaribu kujitetea. Nilisema mwalimu ana shida ya nyumba, amejibana kwa ndugu, shule inafunguliwa. Nikasema uhamisho wangu una tarehe. Nikasema, na hili najuta kulisema, kwamba yeye anastaafu na mimi ndiye nitakayebaki na lawama. Alikuwa ameshaweka penseli kwenye begi.

"Mama yako ulimtoa," akasema. "Baba wa mwenzio unamwingiza."

Lakini msidhani nililainika. Niliumia, na nikiumia nakasirika. Nilikwenda kwa meneja kuomba aweke sahihi yeye. Meneja akasema hajawahi kupingana na mama huyu na haanzi leo. Nikampigia mwalimu kumwambia asubiri, sikumwambia kwa nini. Alisema Babu ameshafunga redio yake kwenye mfuko.

Yaliyofuata ni mwezi mmoja na nusu wa kunyanyaswa. Nilidhani tutavunja ukuta. Hapana. Alinitoa nje nyuma ya nyumba, akanionyesha kwa ncha ya mwavuli: udongo wa bustani umerundikwa kwenye ukuta kupita usawa wa sakafu ya ndani, na bomba linaloshusha maji ya paa linamwagia papo hapo kwenye msingi. Miaka sita nimekuwa namwagilia maua yangu na chumba cha mama yangu kwa wakati mmoja. Fundi akaondoa udongo, akachimba mfereji, akageuza bomba, akabandua plasta ya ndani mpaka kwenye tofali. Halafu tukaambiwa tusubiri. Kusubiri nini? Ukuta ukauke. Tukausubiri ukuta, mimi na mama huyu, kama watu waliokaa na mgonjwa wodini.

Kila Jumatatu alipita na kuweka mgongo wa kiganja. Kila Jumatatu akaandika "Bado". Plasta mpya ilipopigwa na kukauka, akabandika karatasi ya nailoni ukutani kwa selotepu pande zote nne na kuniamuru nisiiguse kwa siku mbili: maji yakijikusanya upande wa ukutani, ukuta bado unakunywa, yakijikusanya upande wa chumbani, ni hewa tu, fungua madirisha. La kwanza lilitokea mara mbili. Mara ya tatu karatasi ilikuwa kavu pande zote. Nikaruka ruka. Akasema sasa nilale humo wiki nzima, mwenye nyumba atangulie, na kitanda kigusane na ukuta ule. Nikalala. Ofisini wakaniuliza kila asubuhi kama nimekohoa. Nikamwambia nimemaliza wiki, mzima kama chuma, aweke sahihi. Akatazama nje dirishani, jua limewaka, akasema haijanyesha.

Ndivyo tulivyofika Jumanne ya wiki hii. Saa nane mchana tulikuwa kwenye kikao cha kupanga kumuaga, yeye mwenyewe amekaa pembeni akisahihisha ratiba, mara wingu likafunga. Tulisikia droo. Meneja aliacha sentensi katikati. Mvua ilinyesha saa mbili nzima, mvua ya haki, na mimi nilibaki na wateja wake, kwa mara ya mwisho, na sikuthubutu kumpigia simu.

Nilipofika nyumbani jioni alikuwa ameshaondoka. Sakafu ya chumba cha nyuma ilikuwa na alama za viatu vyake vilivyolowa, zinakwenda hadi ukutani na kurudi. Nikaweka mgongo wa kiganja changu pale alipokuwa anaweka chake. Mkavu. Nikaenda jikoni, nikapiga magoti. Mstari wa zamani, ule wa Mzee asilale humu, ulikuwa umekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na zile Bado zote zimekatwa, moja moja. Na chini, kwa herufi kubwa kidogo kuliko kawaida yake, tarehe ya Jumanne na sahihi, na maneno haya:

"Hali nzuri, isipokuwa mlango wa stoo."

Mtanisamehe, lakini nilikaa pale chini sakafuni muda mrefu. Miaka ishirini na tisa! Majalada yote yale! Anayaandika mara moja, kwenye nyumba yangu, na hata hapo hakuweza kuyaacha yasimame yenyewe. Mlango wa stoo unagusa sakafu kidogo ukifunguliwa. Kidogo tu. Mtu yeyote mwingine asingeuona.

Mwalimu amehamia jana. Boksi la kwanza lilikuwa na balbu mbili na dawa za Babu. Kitanda cha Babu kimeegemea ukuta ule ule, yeye mwenyewe ndiye aliyechagua upande, akawasha redio, akasema chumba kina utulivu.

Mama Penseli, kwa niaba ya wenzako wote, pamoja na wenye nyumba uliowatoa jasho na wapangaji ambao hawakujua kwamba wanakushukuru, asante. Tunajua unakwenda kuishi kwa binti yako, na kwamba ulikagua nyumba yake kwanza ukamwachia mkweo orodha ya mambo kumi na saba. Tumesikia amefika la kumi na moja. Tunamwombea nguvu. Wewe tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na simu zetu, na mvua nyingi za kuzitazama ukiwa ndani, japo tunajua hutakaa ndani.

Ombi moja ni langu binafsi. Mlango wa stoo nimeutoa kwenye bawaba jana jioni, nimeupiga randa kwa mkono wangu, nimeurudisha, na sasa haugusi. Mwalimu ameujaribu mara tano. Jumatatu nasafiri kwenda tawini, kwa hiyo ninakuomba upite Jumamosi, hata kama umeshastaafu, hata jua likiwaka. Penseli uliyoisahau kwenye meza yangu nimeichonga. Bado kuna maneno manne ya kukatwa, na sitaki mtu mwingine ayakate.